Daftari la Madeni ya Hermosina Alquinta

Kwanza chokaa. Mifuko miwili, mwezi wa tatu.
Halafu nyeusi, kopo dogo, ya majina ya misalabani.
Ndivyo ukurasa wake unavyoanza katika daftari langu,
mimi Baudilio, muuza misumari na rangi wa Freirina,
na ndivyo unavyoendelea miaka sita mfululizo:
chokaa, nyeusi, chokaa, nyeusi,
kwa sababu mvua haikunyesha
na mchoraji wa maua naye hula.

Alipaka milango ya watu. Aliandika bei za samaki kule Huasco.
Wafu wetu wote wa miaka ile wana mwandiko wake,
R yenye mkia mrefu, kama mtu anayechungulia nje.
Hakulalamika. Alisema kiangazi ni karani mvivu:
mafaili yote anayo,
ila dirisha hafungui.

Kisha usiku mmoja wa Juni mabati yakaanza kusema.
Alfajiri alikuwa mlangoni kwangu, sijavaa hata viatu.
"Zambarau," akasema. "Yote uliyo nayo.
Na njano. Na kahawia, kahawia nyingi."
"Hermosina, huko nje bado pakavu kama biskuti."
"Andika."
Nikaandika.

Septemba jangwa likachanua.
Sijui nimwambieje mtu ambaye hajaona.
Pale mbuzi alipokuwa akilamba mawe
kwato-la-guanako lilitandaza zambarau mpaka ukingo wa lami,
na madereva wa malori ya madini wakazima injini,
wakashuka, wakakosa la kufanya na mikono yao.
Bondeni kulikuwa na lile jekundu, shina tupu lisilo na jani,
anyanyuka ndilo jina lake,
na kweli, ukilitaja tu, anyanyuka.

Walikuja wachoraji wa Santiago na viti vya kukunja,
wakachora walichokiona.
Yeye alianzia chini.
Kwa njiti ya kiberiti alidonoa turubai,
nukta, nukta, zambarau mbichi, njano, mbegu zisizo na idadi,
akangoja zikauke siku nne,
kisha akazifunika zote kwa mchanga:
kahawia, kijivu, kahawia iliyochoka.
Juu kabisa akaweka maua matatu, pembeni,
kama watu waliochelewa mazishini.

"Mbona unafukia rangi ya mkopo?" nilimuuliza.
"Sijaifukia. Imelala."

Sasa nikiri, maana ukurasa huu yeye hausomi tena.
Zambarau sikuithubutu, kopo lilikuja limezibwa kiwandani.
Lakini kahawia niliichakachua.
Niliikoroga na unga wa chaki, nusu kwa nusu,
nikajiambia deni refu lina njia zake za kujilipa.
Alijua? Mchoraji hujua uzito wa brashi
kama mama ajuavyo homa kwa kiganja.
Alilipa kwa picha, hiyo hapo juu ya mizani ya misumari,
akasema, "Tumemalizana, Baudilio,"
akacheka kidogo,
na kicheko kile nimekirudia mara nyingi usiku.

Alikufa mwaka wa chokaa.
Msalaba wake niliuandika mimi.
R yangu imesimama wima kama askari.

Miaka kumi na sita picha ile ilikaa kimya.
Watu waliiona mchanga mtupu na maua yasiyotosha,
hakuna aliyeuliza bei.
Mwaka huu ndio wa saba bila mvua,
na chaki yangu imeanza kupasuka.
Kwanza kwenye kona, kijigamba kama kucha ya mtoto,
na nyuma yake, mbichi kama juzi,
nukta moja ya zambarau.
Kesho yake mbili. Kisha njano.

Mteja mmoja alisema, "Itie vanishi, mzee, inaharibika."
Nikampimia misumari yake, nikamrudishia chenji.

Sijagusa kitu.
Asubuhi nafungua dirisha la upande ule,
nafagia vumbi la kahawia lililodondoka,
navaa miwani, nahesabu.
Leo arobaini na mbili.